Ubavu Ukiuma, Anza na Pumzi

Mguu ukiteguka unaupumzisha. Mkono ukivunjika unafungwa plasta. Ubavu haupati likizo: mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, usiku na mchana, na kila pumzi inazisogeza mbavu zote 24. Ndiyo maana maumivu ya mbavu yanachosha hata jeraha likiwa dogo. Hatari yake nayo inakuja polepole. Mtu akichomwa kila akivuta hewa, anaanza kupumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu zinabaki zimenywea, makohozi yanatuama humo, na baada ya siku chache mwenye ufa mdogo wa mfupa anarudi hospitalini na nimonia. Kwa hivyo karibu kila ninachoeleza hapa kinalenga jambo moja: maumivu yatulizwe kiasi kwamba mtu aweze kuvuta pumzi ndefu na kukohoa vizuri, huku chanzo kikitafutwa.

Dalili zisizongoja asubuhi

Kabla ya kutafuta chanzo, hakikisha hauko katika kundi hili. Toka nyumbani sasa hivi ukiwa na lolote kati ya haya:

- Kifua kimebana au kinalemewa, maumivu yanasambaa hadi mkono, shingo, taya au mgongo, na unatokwa na jasho jembamba, kichefuchefu au kizunguzungu. Huo huenda ni moyo.
- Umeishiwa pumzi ghafla, hasa ikiwa mguu mmoja umevimba, umejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, au umetoka safari ndefu ya basi. Damu iliyoganda mguuni inaweza kuwa imepanda hadi kwenye pafu.
- Maumivu makali ya upande mmoja yaliyoanza kwa mara moja, pamoja na kuhema. Pafu linaweza kunywea lenyewe, na hali hii huwapata zaidi vijana warefu wembamba na wavutaji sigara.
- Unakohoa damu, au midomo imegeuka rangi.
- Uligongwa, na sasa kipande cha kifua kinaingia ndani wakati sehemu nyingine ya kifua inapanuka, au tumbo limekuwa gumu, au bega la kushoto linauma bila kuguswa, au unapauka na kuona kizunguzungu.
- Una selimundu (sickle cell) na umepata maumivu ya kifua pamoja na homa au kupumua kwa shida. Hili familia nyingi za Nairobi zenye asili ya maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani zinalijua, lakini bado wapo wanaosubiri wakidhani ni maumivu yale ya kawaida ya mifupa. Usisubiri.

Nambari za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Mara nyingi gari la jirani au teksi hufika kabla ya ambulensi. Ikiwa hivyo litumie, na mgonjwa aliye macho mkalishe ameegemea, usimlaze chali. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Anayekusindikiza akijua maneno hayo, ni rahisi kuzungumza na walio mapokezi.

Kidole, pumzi na mgeuko

Kama hakuna dharura, kaa kitako na ujipime. Kwa ncha ya kidole kimoja, bonyeza taratibu kutoka katikati ya kifua ukifuata ubavu hadi mgongoni. Je, kuna sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, na ukiibonyeza unapata maumivu yale yale unayoyalalamikia? Hiyo inaelekeza kwenye mfupa, gegedu (mfupa laini) au msuli. Ukilazimika kutumia kiganja kizima kuonyesha, na kubonyeza hakubadilishi chochote, fikiria viungo vya ndani.

Kisha vuta pumzi ndefu. Maumivu yanayochoma pumzi inapofika juu hutoka kwenye mbavu, misuli kati ya mbavu au utando unaofunika mapafu. Mwisho geuza kiwiliwili kulia na kushoto, inua mikono juu, jikunje. Maumivu ya misuli hubadilika kwa mkao. Maumivu ya nyongo au figo hayajali sana umekaaje.

Vipimo hivi vinakupa mwelekeo tu. Wapo wenye shida ya moyo ambao kifua chao kinauma pia kikibonyezwa. Ukiwa umepita miaka 40, una kisukari, shinikizo la damu au unavuta sigara, na maumivu ni mapya, kapimwe umeme wa moyo kabla ya kujiambia ni msuli.

"Niligongwa," "nilianguka," "nilipigwa"

Hapa Nairobi ni boda boda kwanza. Usukani unamchoma dereva kifuani, au abiria anatua kwa ubavu kwenye ukingo wa barabara. Halafu kuna vijana wa mjengo wanaoteleza kwenye mbao za jukwaa, na wazee wanaoanguka bafuni. Swali la kwanza la kila mmoja ni lile lile: umevunjika, ama umeumia tu?

Swali hilo halina uzito ambao watu wanaupa. Ubavu uliochubuka, uliopata ufa na uliovunjika bila kuhama hutunzwa kwa njia moja. Tena eksirei ya kawaida ya kifua hukosa kuonyesha mivunjiko mingi ya mbavu, hasa ufa mwembamba na ule ulio kwenye gegedu, ambayo haionekani kabisa kwenye picha ya aina hiyo. Kwa hivyo ukiambiwa "picha iko sawa" na bado unaumwa ukicheka, hujajitungia maumivu. Kazi kubwa ya eksirei hapa ni kuangalia kama hewa au damu imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hilo ndilo linalobadilisha matibabu.

Jambo lenye uzito ni mahali ulipoumia. Mbavu za juu kabisa zinalindwa na bega na mtulinga, na zikivunjika ni ishara kuwa pigo lilikuwa kali na mishipa mikubwa ya damu iangaliwe. Mbavu za chini, ya 9 kushuka, zinafunika viungo vyenye damu nyingi: wengu upande wa kushoto, ini upande wa kulia, figo kwa nyuma. Wengu unaweza kuvuja kidogo kidogo na kupasuka siku kadhaa baadaye, wakati mtu amesharudi kazini. Aliyegongwa mbavu za chini kushoto achunguzwe tumbo, ikiwezekana kwa ultrasaundi, na kwa wiki mbili za kwanza kizunguzungu au maumivu ya tumbo yasichukuliwe kuwa uchovu. Mkojo wenye damu nao unamaanisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna watu wasiotunzwa nyumbani hata wakijisikia nafuu: walio na umri wa miaka 65 na zaidi, waliovunjika mbavu tatu au zaidi, wenye pumu kali au ugonjwa wa mapafu, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa mzee, mbavu mbili tu zilizovunjika zinaweza kumaliza nguvu za kukohoa. Apelekwe.

Sasa matunzo yenyewe. La kwanza: usifunge kifua. Najua leso iliyokazwa inaleta nafuu papo hapo, na wazee wetu walifunga, na hata hospitali zamani zilifunga kwa bandeji. Zikaacha, kwa sababu kifua kilichofungwa hakipanuki, na pafu lisilopanuka hushikwa na nimonia. Wala usimkabidhi mkandaji sehemu iliyovunjika. Ncha ya mfupa iliyotulia inaweza kusukumwa ndani.

Badala yake, fanya zoezi hili kila saa ukiwa macho. Kaa wima. Vuta hewa puani polepole mpaka uhisi mbavu za chini zinafunguka, ishikilie kwa sekunde tatu hivi, iachie mdomoni. Rudia mara 10. Baada ya hapo kumbatia mto au blanketi lililokunjwa, ulikaze juu ya ubavu unaouma, ukohoe mara mbili kwa nguvu. Mto unapunguza mtikisiko na kikohozi kinakuwa na maana. Kama maumivu yanakuzuia kabisa kufanya hivi, basi dawa unazotumia hazitoshi. Rudi ukaongezewe, hakuna ushujaa wowote katika kuvumilia pumzi fupi.

Barafu husaidia siku mbili tatu za kwanza, dakika 15 hadi 20 kwa wakati, mara kadhaa kwa siku. Wasio na friji wanaweza kununua pakiti ya maziwa baridi dukani na kuizungushia kitambaa. Inatosha, na maziwa yatanyweka baadaye. Baada ya hapo wengi hupendelea joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye leso, isiguse ngozi moja kwa moja.

Usiku ndio mgumu zaidi. Lala ukiwa umeinuka, mito au nguo zilizokunjwa zikiwa mgongoni, na kama kuna kiti chenye mikono kitumie siku za mwanzo. Wakati wa kuamka usijiinue kwa tumbo. Geukia ubavu mzima, shusha miguu, halafu jisukume kwa mkono. Mchana tembea, hata kama ni kuzunguka ploti tu. Kulala kutwa nzima kunayadhuru mapafu kuliko kutembea kunavyoudhuru mfupa.

Tarajia siku chache za mwanzo kuwa mbaya, wakati mwingine ya tatu au ya nne ikizidi ya kwanza. Mbavu nyingi hupona kwa wiki 6, nyingine huchukua hadi 12. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Usiubebe mpaka pumzi ndefu na kikohozi visiume tena. Ndani ya matatu epuka viti vya nyuma ambako kila tuta linakurusha, na mkanda wa kiti uufunge, ukiweka sweta lililokunjwa kati yake na ubavu. Boda iache kwanza.

Kwa aliyeumia kazini: Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini. Hakikisha daktari ameandika jinsi ulivyoumia, mahali na tarehe. Karatasi iliyoandikwa "maumivu ya kifua" tu haitakusaidia.

Na kwa aliyepigwa nyumbani. Mbavu zilizovunjika ni jeraha la kawaida la kupigwa mateke, na ni jeraha rahisi kulificha chini ya nguo ukasema uliteleza. Mwambie anayekutibu ukweli, hata kama hutaki hatua nyingine leo, kwa sababu pigo la teke linafanya atafute vitu ambavyo kuteleza hakumfanyi avitafute. Unaweza kuomba kuonana naye peke yako. Nambari ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116. Mtoto mchanga akikutwa na ubavu uliovunjika bila ajali inayoeleweka, hilo ni jambo la kuchunguzwa siku hiyo hiyo.

Panauma karibu na mfupa wa katikati ya kifua

Hapa ndipo watu wengi wanaokuja na hofu ya moyo hukutwa na gegedu zilizovimba kwa ndani. Mbavu 10 za juu kila upande zinaungana na mfupa wa kidari kwa gegedu, na maungio hayo, hasa ya ubavu wa 2 hadi wa 5, huchokozwa na kazi za kurudia: kufua nguo kwa mikono, kukamua mopu, kusukuma mkokoteni, kubeba magunia sokoni Marikiti, hata kuanza mazoezi ya kifua kwa pupa Januari. Kikohozi cha mafua nacho hufanya hivyo. Ukibonyeza pembeni mwa mfupa huo panauma hasa pale pale, na ukikumbatia au kujinyoosha panachoma.

Kama pamoja na maumivu kuna uvimbe unaoonekana au kugusika, mara nyingi kwenye ubavu wa 2 au wa 3, hiyo ni hali iliyoelezwa mwaka 1921 na mpasuaji Mjerumani Alexander Tietze, na bado inaitwa kwa jina lake. Uvimbe wa namna hiyo uonwe na daktari angalau mara moja.

Tiba kubwa ni kupunguza kinachochokoza. Gawanya nguo za kufua kwa siku tatu badala ya kuzimaliza Jumamosi. Jeli ya diklofenaki ikipakwa mara tatu kwa siku huwasaidia wengi bila kulisumbua tumbo. Simama mlangoni, weka mikono kwenye fremu usawa wa mabega, sogea mbele taratibu mpaka kifua kinyooke, shikilia nusu dakika. Hali hii huisha yenyewe kwa wiki kadhaa, ila inaweza kurudi au kukaa miezi. Kinachoirefusha mara nyingi ni mtu kuendelea kujibonyeza kila saa kuona kama bado panauma. Acha kupabonyeza.

Panauma nyuma, kati ya uti wa mgongo na bega

Mbavu zinaungana na pingili za mgongo kwa nyuma, na maungio hayo hukasirika mtu akikaa ameinama saa nyingi: fundi wa cherehani, anayefanya kazi kwa kompyuta juu ya kitanda, dereva. Maumivu yanaweza kuzunguka hadi mbele na kumtisha mtu. Inuka kila nusu saa, zungusha mabega nyuma. Jioni lala chali juu ya taulo lililoviringishwa likiwa chini ya mabega kwa dakika tano.

Ubavu wa chini unateleza na kugonga

Wachache huhisi kitu kikiruka na kutoa sauti kwenye ukingo wa chini wa mbavu wanapoinama au kugeuka kitandani. Gegedu za ubavu wa 8 hadi wa 10 zikilegea, ncha moja hupita juu ya nyingine na kuchokoza neva. Hali hii hukaa muda mrefu bila kujulikana kwa sababu haionekani kwenye eksirei. Mwonyeshe daktari mwendo halisi unaoileta, na umwombe auvute ukingo wa mbavu kwa vidole taratibu. Maumivu na mlio vikitokea, jibu limepatikana.

Nimekohoa mpaka mbavu zinauma, na nina homa

Julai Nairobi ni baridi, madirisha yanafungwa, jiko la makaa linaingizwa ndani, na kikohozi kinazunguka nyumba nzima. Kukohoa kwa siku nyingi hujeruhi misuli kati ya mbavu, na kunaweza hata kuvunja ubavu. Lakini kichomi kinachokuja na homa, kutetemeka na makohozi ya njano au ya rangi ya kutu ni nimonia mpaka ithibitishwe vingine. Hiyo inahitaji kupimwa na kupewa antibiotiki inayofaa, kwa siku zote zilizoandikwa. Vidonge viwili vitatu vinavyouzwa rejareja havitibu nimonia. Vinaificha kwa siku mbili.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito na kichomi cha upande mmoja vinadai kipimo cha kifua kikuu. Kifua kikuu hushika pia utando wa mapafu na kujaza maji upande mmoja, na hapo makohozi yanaweza kupimwa yasionyeshe kitu, kwa hivyo eksirei inahitajika. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu la makohozi kwa takribani saa mbili. Kupimwa na kutibiwa ni bure katika vituo vya umma, na dawa za kawaida hunywewa miezi 6. Wengi huacha mwezi wa pili kwa sababu kichomi kimeisha. Vimelea havijaisha.

Kwa mtoto, mwangalie kifua kikiwa wazi, ametulia, halii. Sehemu ya chini ya mbavu ikiingia ndani anapovuta pumzi, nenda hospitali. Hesabu pia pumzi zake kwa dakika nzima: kuanzia 60 kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua kwa kasi na anahitaji kuonwa siku hiyo.

Inawaka upande mmoja na hakuna kilichonigonga

Ngozi juu ya mbavu inaungua, inawasha, hata shati likigusa hupendi. Mstari wa maumivu unatoka mgongoni kuja mbele, na hauvuki katikati ya mwili. Siku moja hadi tano baadaye vinatokea vipele vyenye maji. Huo ni mkanda wa jeshi, virusi vya tetekuwanga vilivyolala kwenye neva tangu utotoni na sasa vimeamka. Dawa ya asikloviri, kwa mtu mzima kwa kawaida miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 baada ya vipele kutokea. Kwa hivyo usipoteze siku tatu hizo ukipaka dawa ya meno au majivu. Funika vipele, kaa mbali na wajawazito na watoto wachanga. Kijana anayepata mkanda wa jeshi apimwe pia VVU. Dawa zipo na kujua mapema kunasaidia. Maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona, parasetamo haitayagusa sana. Kuna dawa za neva, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, na daktari ndiye wa kuziandika.

Chini ya mbavu, ndani ya tumbo

Maumivu ya chini ya mbavu za kulia yanayokuja baada ya nyama ya mafuta au chipsi, yakakaa nusu saa au zaidi na kupanda hadi nyuma ya bega la kulia, ni ya kuangalia mawe ya nyongo kwa ultrasaundi. Yakiambatana na homa au macho ya njano, ni dharura. Ya katikati juu, yanayochoma ukiwa na njaa au usiku, huwa ni tumbo lenyewe; hapa mjini kila kitu huitwa "ulcers," kwa hivyo omba kipimo cha bakteria ya tumbo kabla ya kunywa dawa za asidi miezi mitatu mfululizo. Ya nyuma chini ya ubavu wa mwisho, pamoja na homa au mkojo unaochoma, ni figo.

Mjamzito wa miezi ya mwisho huumwa mbavu kwa sababu mtoto anazisukuma, na kukaa wima au kulalia ubavu wa kushoto hupunguza. Lakini baada ya wiki 20, maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na kuumwa kichwa, kuona ukungu au kuvimba uso huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Usingoje siku ya kliniki. Shinikizo la damu lipimwe leo.

Dawa: kiasi, na unachopaswa kuepuka

Parasetamo ndiyo msingi. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kunywa vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Inafaa zaidi ikinywewa kwa saa zake siku chache za mwanzo kuliko kungoja maumivu yapande. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana apunguziwe na daktari.

Ibuprofeni miligramu 400, hadi mara 3 kwa siku baada ya chakula, inaweza kuongezwa juu ya parasetamo. Isinywewe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito. Mwenye pumu au anayemeza dawa za shinikizo aulize kwanza. Kosa ninalolichukia kuliko yote ni hili: mtu anachomwa sindano ya diklofenaki asubuhi kwenye chemisti, anapewa ibuprofeni ya kunywa nyumbani, na jioni anaongeza kidonge cha dukani chenye aspirini. Hizo ni dawa tatu za familia moja. Hazizidishi nafuu kwa kiasi hicho, zinazidisha kutapika damu na kuharibika kwa figo. Soma pakiti, chagua moja.

Tramadoli na kodeini hutolewa kwa maumivu makali, kwa siku chache na kwa maandishi ya daktari. Zinaleta usingizi na kufunga choo, na kujikamua chooni na ubavu uliovunjika ni mateso. Anza mapema na maji mengi, papai, sukuma wiki na managu.

Pa kwenda, na cha kusema

Kwa maumivu yasiyo ya dharura, zahanati au kituo cha afya cha mtaani kinatosha kuanzia, na ukiwa umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii kwa *147# huduma za msingi katika ngazi hizo zimekusudiwa kuwa bila malipo. Majeraha makubwa hupelekwa hospitali kama Mbagathi, Mama Lucy Kibaki au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ukifika sema yalianza lini, ulikuwa unafanya nini, onyesha kwa kidole, taja dawa zote ulizomeza pamoja na za kienyeji, na useme kama unaweza kuvuta pumzi ndefu au la.

Rudi hata kama ulishaonwa ikiwa homa imeanza, makohozi yamebadilika rangi, au pumzi inakuwa fupi kuliko wiki iliyopita. Na kama maumivu hayakuletwa na pigo wala kikohozi, yanazidi usiku, hayabadiliki kwa mkao, uzito unashuka, au uliwahi kutibiwa saratani ya matiti, tezi dume au mapafu, usikubali kuongezewa dawa za maumivu mwezi baada ya mwezi. Omba eksirei na vipimo vya damu, na uulize waziwazi kama mfupa wenyewe umechunguzwa.